Shajara ya mradi: historia ya kabila la Darkspear, makao kwa makao

Mradi huu unakusanya historia ya Darkspear, kabila la matroli wa msituni katika ulimwengu wa Azeroth, ndani ya michezo ya Warcraft. Kila nilipoitafuta historia hiyo niliikuta imefichwa ndani ya habari za mtu mwingine: sura moja katika maisha ya Thrall, kiongozi wa maorki, aya mbili katika utawala wa Garrosh aliyemrithi, mazishi yanayomfungulia Sylvanas njia ya ukuu. Darkspear wanaingia, wanasaidia, wanatoka. Nataka wao wawe wenye nyumba, na hao wengine wawe wageni. Atakayetaka kulifanyia hivi kabila jingine, Amani au Drakkari au Farraki, ataona hapa njia niliyopita na mahali nilipokwama.

14 Januari: vifaa na gharama

Vyanzo vikuu ni michezo miwili. Wa kwanza ni Warcraft III ya 2002 pamoja na nyongeza yake ya 2003, The Frozen Throne. Zote mbili zimo ndani ya Reforged ya 2020, hivyo unalipa mara moja tu. Wa pili ni World of Warcraft, uliofunguliwa Novemba 2004 na unaoendelea hadi leo. Huu ndio unaokula fedha. Ada yake Marekani ni dola 14.99 kwa mwezi, na inakatwa hata ukipitisha wiki nzima ukisoma maandishi tu bila kucheza. Akaunti isiyolipiwa inakufikisha leveli ya 20 lakini haikuingizi katika Classic, yaani mchezo ule kama ulivyokuwa miaka yake ya mwanzo. Kwa kazi ya historia Classic haikwepeki, kwa sababu zitakazoonekana mbele.

Ushauri kwa atakayefuata: maliza Warcraft III yote na uandike sehemu zake kabla hujalipa ada ya mwezi wa kwanza. Nafasi ya diski nayo iandaliwe mapema, maana World of Warcraft peke yake inataka zaidi ya gigabaiti 100.

29 Januari: jedwali la miaka limevunjika

Njia ya kwanza ilikuwa jedwali la miaka. Kalenda inayotumika kwa Azeroth huhesabu kuanzia kufunguliwa kwa Dark Portal, lango lililowaingiza maorki katika ulimwengu huo. Matukio makubwa ya matroli yaliingia bila shida: vita vya Amani dhidi ya maelfi wa Quel'Thalas na binadamu wa Arathor, yapata miaka 2,800 kabla ya lango, na Gurubashi, dola ya matroli wa msituni, kuanza kumwabudu Hakkar, mungu wa damu, yapata miaka 1,500 kabla. World of Warcraft inaanza mwaka wa 25 baada ya lango.

Nilipotafuta mistari ya Darkspear, jedwali lilikuwa tupu karne baada ya karne. Kisha ghafla, tangu mwaka wa 20 hivi hadi wa 32, kila kitu kinarundikana: kifo cha kiongozi wao Sen'jin, kuvuka bahari, usaliti wa mganga Zalazane, ugomvi na Garrosh, Vol'jin mwana wa Sen'jin kupata ukuu na kufa. Msomaji wa jedwali angedhani kabila hili lililala usingizi likaamshwa na Thrall.

Kasoro iko katika aina ya jedwali. Mpangilio wa miaka huwapendelea waliojenga mahekalu. Gurubashi waliacha Zul'Gurub, Amani waliacha Zul'Aman, Drakkari waliacha Zul'Drak, na mawe hayo ndiyo yaliyowapa waandishi wa mchezo sababu ya kuwapangia tarehe. Darkspear walikuwa wachache, wakisukumwa kutoka huku kwenda kule, na hawakuacha piramidi yoyote ya kupigiwa hesabu.

6 Februari: makao badala ya miaka

Nimeanza upya kwa kufuata mahali kabila lilipoishi. Makao ni matano: msitu wa Stranglethorn, kisiwa cha Sen'jin, Echo Isles mara ya kwanza, kijiji cha Sen'jin pwani ya Durotar, na Echo Isles tena. Kila makao yanajibu maswali manne. Nani aliongoza? Loa gani walitajwa, maana hao ndio miungu na mizimu ya matroli? Adui alikuwa nani? Na kwa nini walihama? Swali la nne ndilo linalosukuma simulizi yote, kwa kuwa Darkspear karibu hawakuwahi kuhama kwa hiari.

Kila sentensi ya maelezo inabeba alama moja kati ya tatu. K ni jambo linaloonekana likitendeka ndani ya mchezo. S ni jambo linalosimuliwa na mhusika. B ni jambo lililoandikwa baadaye na Blizzard katika vitabu na hadithi fupi. Alama hizi zinachosha kuziandika, lakini bila hizo nusu ya kazi ya miezi iliyofuata isingewezekana.

23 Februari: makao ya kwanza, Stranglethorn

Imekamilika, ila ni fupi kuliko nilivyotamani. Dola ya Gurubashi ilikuwa na makabila mengi ya msituni, na baada ya kuanguka kwake yaligombana yenyewe kwa yenyewe. Bloodscalp na Skullsplitter walibaki msituni, wale wakishikilia magofu ya Zul'Kunda na hawa Zul'Mamwe. Darkspear, walio dhaifu kuliko hao, walifukuzwa wakaingia baharini.

Nilitembea kutoka Zul'Kunda hadi Zul'Mamwe nikipiga picha za skrini, nikitarajia kukuta alama yoyote ya kabila lililoondoka. Sikupata kitu cha kuandika kwa alama ya K. Sehemu hii yote imesimama juu ya S na B, na nimeiacha hivyo. Kishawishi cha kuipamba kwa kuazima maisha ya Bloodscalp na kuwabandika Darkspear kilikuwa kikubwa, lakini huko ndiko kulikoharibu simulizi nyingi za kabila hili: kila troli wa msituni anahesabiwa sawa na mwenzake.

Zul'Gurub ilileta shida ya kiufundi. Toleo lake la 2005 lilitengenezwa kwa kundi la watu 20, na mtu mmoja hawezi kulipita katika Classic. Nilijaribu kutafuta kundi la kujiunga nalo; makundi yapo, lakini yanakimbia. Hakuna anayesimama ili mtu asome maneno ya kuhani. Suluhisho lilikuwa kwenda Yojamba, kisiwa kidogo kando ya pwani ambako Zandalari, kabila mama la matroli, walipiga kambi, na kusoma majukumu yao, yaani kazi wanazompa mchezaji. Hapo Zandalari wanaeleza wenyewe kwa nini wanaomba msaada dhidi ya Hakkar. Maelezo hayo yalinifaa kuliko pambano lenyewe, na yatahitajika tena tukifika 2011.

12 Machi: makao ya pili, kisiwa cha Sen'jin

Sehemu hii ilikwama kabla ya kuanza. Ukicheza Warcraft III kama ilivyouzwa 2002, matroli wa Darkspear wanatokea katika bara la Kalimdor wakiwa tayari ndani ya Horde, muungano wa maorki na washirika wao, mikuki mkononi, wakitii amri. Hakuna anayesema walitokea wapi. Utangulizi wa mchezo ule una sura mbili tu, na zote ni za Thrall. Sura tatu ambamo Thrall anakutana na Darkspear zilitolewa katika toleo la majaribio lililogawiwa bure. Kwa hiyo mlango ambao kabila zima liliingilia Horde haukuwamo katika mchezo ambao watu walinunua.

Ukiwa na Reforged shida hii haipo, maana utangulizi unazo sura zote tano. Ukiwa na diski za zamani, tafuta toleo la majaribio kwanza, la sivyo utaandika kwamba Darkspear walijiunga Kalimdor, kosa ambalo bado linarudiwa.

Yaliyomo ni haya. Dhoruba inazikwamisha merikebu za Thrall kisiwani. Sen'jin, kiongozi wa Darkspear, anamwambia kwamba aliona katika maono kijana atakayewatoa watu wake hapo. Binadamu wana kambi upande mmoja wa kisiwa, na mamurloki, watu-samaki, wako chini, katika mapango. Baada ya kambi ya binadamu kuvunjwa, mamurloki wanawateka Thrall, Sen'jin na wapiganaji wao ili wawatoe kafara kwa bibi wa baharini wanayemwabudu. Thrall anajifungua na kuwafungua wafungwa wengine, lakini anachelewa: Sen'jin ameshatolewa kafara na anakata roho. Bibi yule anapandisha hasira, kisiwa kinaanza kuvunjika, na waliobaki wanalinda merikebu hadi zitengenezwe. Wanaondoka pamoja.

Nilirudia sura ya kafara nikitafuta jibu la swali moja: je, Darkspear walialikwa au waliokolewa? Jibu la mchezo ni yote mawili. Sen'jin mwenyewe, akiwa anakata roho, anamkabidhi Thrall watu wake. Nimeiweka sentensi hiyo mwanzo wa sehemu, kwa sababu ugomvi wote wa Vol'jin na Garrosh unarudi hapa. Vol'jin anatimiza mapatano ya baba yake na Thrall. Kwa Garrosh hana deni lolote.

30 Machi: makao ya tatu, kuhama kunakoonekana kurudiwa

Darkspear wanafika Kalimdor na kukaa Echo Isles, visiwa vidogo karibu na pwani ya Durotar. Vol'jin, mwana wa Sen'jin, ndiye kiongozi. Ikazuka mvurugano wa vyanzo. Katika kampeni ya Rexxar, shujaa wa Horde, ndani ya The Frozen Throne, visiwa vinahamwa kwa sababu merikebu za Kul Tiras, taifa la binadamu, chini ya Daelin Proudmoore zinashambulia, na Vol'jin anataka mioto ya ishara iwashwe ili watu wake wajue kuondoka. Katika World of Warcraft visiwa vimeshapotea pia, lakini sababu inayotolewa ni Zalazane, mganga aliyewageuka wenzake na kuzitawala akili zao kwa uchawi.

Rasimu ya kwanza iliunganisha mambo haya mawili kuwa kuhama kumoja: Kul Tiras wanashambulia, vurugu inatokea, Zalazane anaitumia. Ilisomeka vizuri. Lakini hakuna chanzo kinachosema hivyo, na nilipoweka alama zangu sentensi ya kuunganisha ilibaki bila herufi yoyote. Imefutwa.

Sasa ni matukio mawili, kila moja na alama yake. La kwanza ni la vita, wanawakimbia Kul Tiras (K). La pili ni la ndani ya kabila, ambapo Zalazane anajenga jeshi la watumwa kutoka kwa ndugu zake na wale wasioshikwa na uchawi wanavuka kwenda bara (S). Sehemu imekuwa ndefu na haina mtiririko mzuri kama mwanzo, lakini maumivu ya Darkspear yanaonekana sawasawa. Mara ya pili adui hakutoka baharini.

Jambo moja la B limeingia hapa. Hadithi fupi rasmi inasema Vol'jin na Zalazane walikuwa marafiki tangu ujana, na walipita pamoja majaribu ya kutafuta sauti ya loa. Mchezo wa 2004 hauelezi urafiki huo. Nimeuweka mwisho wa sehemu, ili msomaji ajue kwanza walichokijua wachezaji wa wakati ule.

17 Aprili: makao ya nne, na seva isiyofaa

Kwa kijiji cha Sen'jin lazima uende Classic, kwa kuwa mwishoni mwa 2010 toleo la nyongeza la Cataclysm lilibadilisha sehemu kubwa ya Kalimdor na majukumu mengi ya zamani yakafutwa. Nililipa ada, nikaunda troli, nikakuta Echo Isles zimeshakombolewa na bendera zimesimikwa. Seva niliyoichagua ilikuwa ya Classic inayosonga mbele, iliyoanza na mchezo wa awali na kupandishwa toleo baada ya toleo hadi ikavuka Cataclysm. Zinazofaa ni zile ziitwazo Classic Era, ambazo zimesimama pale pale. Zote mbili zinafunguliwa kwa ada ileile na zinakaa karibu katika menyu. Mhusika niliyemwanzisha hakunisaidia kitu.

Kwenye Classic Era mambo yalikwenda. Troli mpya anaanzia Valley of Trials pamoja na maorki. Kabila halina hata mahali pake pa kulelea vijana. Kijiji chenyewe ni vibanda vichache ufukweni, visiwa vilivyopotea vikionekana ng'ambo ya maji. Ni ubunifu mzuri mno wa mandhari, maana huhitaji kuambiwa kitu. Master Gadrin ndiye anayetoa kazi: leta fuvu la Minshina kutoka mikononi mwa Zalazane, leta na kichwa cha Zalazane. Visiwani utakaopigana nao ni matroli waliorogwa, yaani watu wa kabila hilohilo.

Vol'jin hayupo kijijini. Yuko Orgrimmar, mji mkuu wa Horde, amesimama katika ukumbi wa Thrall. Nimelirekodi hili kama K na kulipa aya nzima, kwa kuwa baada ya 2010 anahamishwa, na mahali anaposimama kiongozi katika mchezo huu ni habari tosha.

5 Mei: Zalazane anakufa mara mbili

Hapa ndipo muda mwingi ulikwenda. Tangu 2004 kila troli kijana aliyefika leveli ya 8 hadi 10 aliweza kumkata Zalazane kichwa na kukipeleka kwa Gadrin. Septemba 2010 ukaja mfululizo wa matukio ya kukomboa Echo Isles, na ndani yake Zalazane yu hai, ana jeshi, na anapigana na Vol'jin mwenyewe.

Nilijaribu njia tatu. Kwanza, kuandika kwamba kichwa cha 2004 kilikuwa cha uongo, mazingaombwe ya mganga. Hakuna chanzo. Pili, kuandika kwamba alifufuka, jambo lisilo geni kwa waganga wa matroli. Hakuna chanzo. Tatu, kuliacha jukumu la Gadrin nje kabisa. Hiyo ilikuwa dhuluma kwa Gadrin na kwa kijiji, kwa sababu kisasi kile ndicho maisha yote ya makao ya nne.

Kanuni niliyofikia, ambayo naipendekeza kwa yeyote anayeandika historia ya mchezo unaoendelea, ni hii: tukio linalosimamisha ulimwengu uliofuata ndilo lenye uzito. Baada ya Septemba 2010 Darkspear wanaishi Echo Isles, na kila jambo la baadaye linategemea hilo. Kwa hiyo kifo cha 2010 ndicho kifo. Jukumu la Gadrin limebaki kama nia ya kijiji: walichotaka, walichotuma vijana kukifanya, mwaka baada ya mwaka. Limeandikwa kwa wakati usiokamilika, „walikuwa wakituma", na hakuna sentensi inayodai kichwa kilifika.

Ukombozi wenyewe umeandikwa kwa urefu. Vol'jin anakusanya wapiganaji kijijini, anatuma vyura waliotiwa dawa kupeleleza visiwa, mizimu inaitwa, na anamwomba Bwonsamdi, loa wa wafu. Bwonsamdi anakubali kusimama na Darkspear, na mizimu ya mababu ndiyo inayomaliza kazi kwa Zalazane. Majukumu haya yameondoka katika mchezo wa sasa, hivyo nimetegemea rekodi za wachezaji wa wakati ule. Nimelinganisha zaidi ya moja kwa kila tukio, kwa maana rekodi nyingi zinaanza katikati ya hotuba.

26 Mei: makao ya tano, deni la Sen'jin

Imekwenda haraka na kwa furaha. Tangu Cataclysm troli kijana anaweza kuanzia Echo Isles, kwa kabila lake, kwa walimu wake. Sehemu hii unaweza kuimaliza kwa akaunti isiyolipiwa.

Jambo ambalo jedwali la miaka lisingelionyesha kamwe liko hapa. Adui wa mwisho wa majukumu ya mwanzo ni naga, viumbe wa baharini walio nusu nyoka, na kiongozi wao ni Zar'jira, ambaye ni yule yule bibi wa baharini aliyepelekewa Sen'jin kafara. Ameifuata damu ya kabila kuvuka bahari. Vol'jin anamkabili pamoja na mchezaji na kumuua. Kutoka sura ya toleo la majaribio hadi kisiwa cha leveli za mwanzo cha 2010, deni moja limefungwa, na wachezaji wengi wanapita hapo bila kujua, kwa sababu makao ya pili hawakuwahi kuyaona. Kama mradi huu ungefanikiwa kuwaonyesha watu jambo hili moja tu, ningeridhika.

Hapo hapo Vol'jin anamwonyesha mchezaji maono ya ugomvi wake na Garrosh, aliyeachiwa Horde na Thrall. Katika maono hayo anamwambia Garrosh kwamba siku yake ikifika, mshale utakaomchoma moyo utakuwa wa Vol'jin. Ndiyo maana kiongozi haonekani tena Orgrimmar. Amerudi kwa watu wake.

14 Juni: mwito wa Zandalari

Aprili 2011, sasisho la 4.1. Zandalari, kabila mama la matroli wote, wanataka kuyaunganisha makabila kuwa dola moja chini ya mwongozo wa nabii Zul. Gurubashi wanakubali. Amani wanakubali. Vol'jin anakataa, kisha anatafuta wapiganaji wa kuwazuia, na anafika mwenyewe kwenye lango la Zul'Aman.

Nilikuwa nimeandika sehemu hii kama tendo la uaminifu kwa Horde, na rasimu haikuridhisha, kwa kuwa wakati huo Horde iko chini ya Garrosh ambaye Vol'jin amemwahidi mshale. Dawa ilitoka kwenye maandishi ya Yojamba. Mwaka 2005 Zandalari walikuwa ndio walioomba msaada dhidi ya Gurubashi wenye kumfufua Hakkar. Sasa wanawainua Gurubashi haohao. Ukiweka matukio hayo mawili pamoja na makao ya kwanza, kukataa kwa Vol'jin kunaeleweka. Dola ya matroli aliyoahidiwa inawainua wale ambao makabila yao yaliwafukuza babu zake msituni. Huo ni uamuzi wangu kama mwandishi, na umeandikwa hivyo waziwazi, bila alama ya S.

3 Julai: koo lililokatwa na kiti cha Orgrimmar

Novemba 2012, sasisho la 5.1, huko Pandaria. Garrosh anamtuma Vol'jin na walinzi wa Kor'kron kwenye pango la saurok, viumbe waliotengenezwa kwa uchawi wa kufinyanga nyama. Vol'jin anaona hatari ya kuutafuta uchawi huo na kupinga. Mlinzi aliyetumwa anamkata koo. Anapona. Mei 2013 kijiji cha Sen'jin kiko chini ya Kor'kron, na Darkspear wanaanzisha uasi kwenye pwani ileile walipoishi kama wakimbizi. Septemba 2013 Orgrimmar inazingirwa, Garrosh anaangushwa, na Thrall anamkabidhi Vol'jin ukuu wa vita, yaani uongozi wa Horde. Ni wa kwanza kushika cheo hicho asiye orki.

Ugumu ulikuwa wa uwiano. Kuzingirwa kwa Orgrimmar ni tukio kubwa lenye watu wengi, na rasimu ilipotea ndani yake. Kwa kurasa kadhaa Darkspear hawakutajwa. Nimekata kila kitu ambacho hakikutendeka kwa mkono wao au mbele ya macho yao. Sehemu imebaki theluthi ya ilivyokuwa, na kijiji cha Sen'jin kimekuwa kitovu chake.

20 Julai: baada ya Vol'jin

Agosti 2016, toleo la Legion. Vol'jin anajeruhiwa na mapepo huko Broken Shore, jeraha halifungi, na akiwa Orgrimmar anamtaja Sylvanas kuwa mkuu, akisema loa ndio walionong'ona. Katika Battle for Azeroth, toleo la 2018, roho yake inarudi na kuuliza ni nani hasa aliyenong'ona, na Bwonsamdi anasema hakuwa yeye. Rokhan, mwindaji wa vivuli aliyetembea na Rexxar tangu 2003, ndiye anayechukua uongozi wa kabila.

Huyu Rokhan alinilazimu kurudi nyuma. Katika makao ya tatu nilikuwa nimempa mstari mmoja kama msindikizaji wa Rexxar. Mtu atakayeongoza kabila hawezi kuingia historia kwa mstari mmoja, kwa hiyo nimeicheza tena kampeni ile nikimfuata yeye tu na kumwandikia nafasi yake.

Zandalar, nchi ya Zandalari, nayo imeleta mgeuko: Machi 2019 Zandalari wanakuwa kabila la kuchezwa ndani ya Horde. Kabila mama limeingia nyumba ambayo Darkspear, waliodharauliwa kuliko wote, waliingia kwanza. Aya hii niliifurahia kuliko zote.

8 Agosti: hali ya faili

Makao matano yamekamilika na sehemu tatu za baada yake. Gharama iliyobaki ni ndogo: ada ya World of Warcraft imesitishwa, Reforged imeshalipwa. Kinachoendelea ni kuhakiki majina. Nukta za juu katika Vol'jin, Sen'jin na Zul'Gurub zilibadilishwa na programu ya kuandikia kuwa alama za kunukuu zilizopinda, na utafutaji ndani ya faili ukawa unakosa nusu ya mistari. Zima urekebishaji huo kabla ya kuanza, si baada ya kurasa mia.

Kazi inayofuata ni ramani moja ya safari yote, yenye makao matano na njia kati yake. Njia ya kutoka Stranglethorn hadi kisiwa cha Sen'jin itachorwa kwa nukta, kwa sababu ina alama za S na B tu. Zile nyingine zina K, nazo zitachorwa kwa mstari kamili.